Je, Mary Ward wa Masista wa Loreto alikuwa mzushi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Binti yangu ameanza sekondari katika shule ya Masista wa Loreto. Siku ya kumpeleka niliona ukutani picha ya mwanamke wa zamani, chini yake pameandikwa Mary Ward. Niliporudi nikaisimulia kwenye jumuiya, tukabishana mpaka chai ikapoa. Katekista wetu anasema huyo aliitwa mzushi, Papa akalifuta shirika lake na yeye mwenyewe akafungwa. Mama mmoja aliyesoma huko anasema ndiye mtetezi wa kwanza wa haki za wanawake ndani ya Kanisa. Wa tatu akasema sote hatujui, Loreto ilianzishwa na Mama Teresa. Tumwamini nani? Na kama alikuwa mzushi, mbona picha yake iko shuleni kwa masista? Mama mzazi, Nakuru.

JIBU: Milele amina, mama. Poleni kwa chai.

Katekista wenu hakubuni. Tarehe 7 Februari 1631, mjini Munich, mwanamke Mwingereza wa miaka 46 alikamatwa nyumbani kwake akiwa mgonjwa, akapelekwa katika monasteri ya Masista Waklara iitwayo Anger na kufungiwa humo. Amri ya kumkamata ilimtaja kuwa mzushi, mfarakanishaji na mwasi wa Kanisa. Wiki chache kabla ya hapo, 13 Januari, Papa Urbano VIII alikuwa ametoa hati ya kulifuta shirika lake lote. Mpaka hapo mpeni katekista haki yake.

Ila chukua hati yenyewe ya Papa uisome ukitafuta ni fundisho gani la imani ambalo Mary Ward alilipotosha. Utaimaliza bila kulikuta. Hakukana Utatu, hakukana Ekaristi, hakukana mamlaka ya Papa. Yeye na wenzake wanalaumiwa kwa mwenendo na utawala: wanaishi kitawa bila idhini ya Kiti Kitakatifu, wanasafiri huku na huko badala ya kukaa ndani ya kuta, wana mkuu mwanamke anayeamuru nyumba zilizo katika nchi mbalimbali, na wanajitwika kazi zisizolingana na udhaifu wa jinsia yao. Hayo ndiyo mashtaka. Mwaka uliofuata alipofika Roma mbele ya Urbano VIII mwenyewe, alimwambia, “Baba Mtakatifu, mimi si mzushi wala sijawahi kuwa.” Papa akamjibu kwamba anaamini hivyo. Kwa hiyo neno “mzushi” lilimshika mkono wakati wa kukamatwa, halikufika naye mbele ya Papa.

Nitawaeleza alichokuwa anakitaka hasa, maana bila hicho ugomvi wote unaonekana wa kijinga, na haukuwa wa kijinga.

Katika Ulaya ya wakati ule mwanamke Mkatoliki mwenye heshima zake aliwekewa njia mbili, na watu walikuwa na msemo wa Kilatini uliozifupisha kama methali: *aut maritus aut murus*, ama mume ama ukuta. Aolewe, au aingie monasterini asitoke tena. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilikaza jambo hilo mwaka 1563, na Papa Pio V akalikaza zaidi mwaka 1566. Mtawa wa kike hatoki nje. Padre na bruda watoke, wahubiri, wafungue vyuo, waende mpaka Goa na Japani. Yeye abaki nyuma ya kimia cha chuma akiwaombea. Mtoto wa jirani akitaka kufundishwa na mtawa, basi naye aingizwe ndani ya ukuta.

Mary alikulia mahali ambapo mpango huo haukuwa na maana yoyote. Alizaliwa 23 Januari 1585 huko Mulwith, karibu na Ripon, katika Yorkshire, Malkia Elizabeth I akitawala. Monasteri za Uingereza zilikuwa zimevunjwa tangu enzi ya Henry VIII, na kumficha padre kungeweza kukupeleka kwenye kitanzi. Imani ya Kikatoliki ilikuwa imehamia jikoni, darini na kwenye vyumba vya siri, na waliolinda funguo za vyumba hivyo walikuwa wenye nyumba, yaani akina mama. Bibi yake mzaa mama alikaa gerezani miaka 14 kwa ajili ya dini. Wajomba zake wawili, John na Christopher Wright, waliuawa Novemba 1605 baada ya ile njama ya kulipua Bunge la London kugundulika. Binti aliyelelewa katika nyumba kama hizo alijua tangu utotoni kwamba Kanisa linaweza kubebwa na wanawake, kwa kuwa alikuwa amewaona wakilibeba.

Mwaka 1606 alivuka bahari hadi Saint-Omer, mji ambao leo uko Ufaransa ila wakati huo ulikuwa chini ya Hispania. Waklara wakampokea kama sista wa kazi za nje, akawa anazunguka na kapu akiwaombea wenzake chakula. Akatoka, akaanzisha nyumba ya Waklara kwa ajili ya mabinti wa Kiingereza, na hiyo nayo akaiacha. Alikuwa anajua asichokitaka kabla ya kujua anachokitaka. Mwaka 1609, akiwa London, alikuwa anatengeneza nywele mbele ya kioo alipopata hakika kwamba Mungu anamtaka kwa jambo jingine kabisa. (Mimi nalipenda tukio hili kwa sababu ya kile kioo. Waandishi wa maisha ya watakatifu kwa kawaida huwapigisha watu magoti kwanza.) Akarudi Saint-Omer na kikundi cha wenzake, wakafungua shule. Mwaka 1611, akiwa anapona ugonjwa, akasikia moyoni maneno haya: chukua kilekile cha Shirika.

“Shirika” hapo ni Shirika la Yesu, Wayesuiti. Uzito wote wa kesi uko katika maneno hayo, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Wayesuiti hawakuwa na sala za pamoja za kuimbwa mchana na usiku, hawakuwa na vazi maalumu, hawakuwa chini ya askofu wa mahali, na walikuwa na mkuu mmoja aliyeweza kumhamisha mtu kutoka Lisbon hadi Krakow kwa barua moja, akiwajibika kwa Papa tu. Mary Ward alitaka hivyo hivyo, bila kupunguza nukta, kwa wanawake. Sharti la mwisho ndilo lililowakera maaskofu: shule iliyo mjini mwa askofu, inayoongozwa na wanawake, wakiamriwa na mwanamke aliye nchi nyingine. Wayesuiti nao walijikuta pabaya. Mwanzilishi wao Inyasi wa Loyola alishaomba na kupewa na Papa kinga ya kutobebeshwa tawi la wanawake. Wengi wao walimpenda Mary Ward, wengine walimsaidia, ila shirika lao lilijitenga naye.

Kuna njia rahisi ambayo wengine waliikubali. Fransisko wa Sales na Yoana Fransiska wa Chantal walianzisha masista wao Annecy mwaka 1610, nao wakitaka watoke kuwatembelea wagonjwa. Askofu mkuu wa Lyon akashikilia sheria ya ukuta, wakakubali, na kufikia 1618 masista wakawa ndani. Shirika lao likasalimika na waanzilishi wote wawili ni watakatifu leo. Mary Ward alishauriwa afanye hivyo hivyo, tena na watu waliomtakia mema. Alikataa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: akijenga ukuta, Uingereza inabaki bila mtu, kwa sababu huwezi kujenga monasteri katika nchi ambayo padre anajificha kwenye shimo chini ya ngazi.

Sasa nije kwa mama aliyesoma Loreto. Siku moja, karibu mwaka 1617, mtu aliwasifu masista hawa kwa ari yao mbele ya Myesuiti mmoja. Padre akajibu kwamba ni kweli, ila hiyo ni ari ya mwanzo, itapoa, na mwisho wa yote wao ni wanawake tu. Maneno yakafika Saint-Omer. Mary Ward akawakusanya wenzake na kulijibu, na maneno yake yaliandikwa.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kuelezwa nguvu ya kile kineno “tu”. Silabi moja, na mtu mzima amekunjwa akatiwa mfukoni. Mary Ward alikishika hichohicho. Akawauliza mnadhani maana yake nini, “wanawake tu”, kama kwamba katika kila jambo sisi tuko chini ya kiumbe fulani kingine, ambacho nadhani ni mwanamume? Huo, akasema, nathubutu kuuita uongo. Ari haitegemei kuwa mwanamume au mwanamke. Ikipoa, inapoa kwa sababu sisi si wakamilifu na hatuupendi ukweli. Kisha akacheza na Kilatini: ukweli udumuo milele ni *veritas Domini*, ukweli wa Bwana. Hauitwi ukweli wa wanaume, hauitwi ukweli wa wanawake, na wanawake wanaweza kuwa nao sawasawa na wanaume. Akamalizia kwa matumaini kwamba siku zijazo itaonekana wanawake wakifanya mambo mengi.

Hayo yamesemwa miaka mia nne iliyopita, na mwanamke aliyekuwa na miaka thelathini na mitatu hivi. Nikiyasoma naelewa kwa nini wasichana wa Loreto wanayakariri.

Lakini mama, msimvike gauni lililoshonwa baadaye. Bendera ya “ufeministi wa Kikristo”, kwa jina hilo, iliinuliwa Paris mwaka 1896, Marie Maugeret alipoanzisha jarida lenye jina hilohilo. Mary Ward alikuwa kaburini miaka 250. Tena katika mazungumzo yaleyale alikubali waziwazi kwamba mke amtii mume, kwamba wanaume ndio viongozi wa Kanisa, kwamba wanawake hawatoi sakramenti wala hawahubiri makanisani. Anayemtafuta kuwa mtetezi wa upadre wa wanawake atarudi mikono mitupu. Alichouliza ni hiki: ukiondoa hayo, katika mambo mengine yote, sisi tumepungukiwa nini? Na akaongeza sentensi ambayo kwangu mimi ina makali kuliko ile ya “tu”: mpaka sasa tumeambiwa na wanaume kwamba lazima tuamini, na ni kweli, lazima, ila tuwe na busara, tujue la kuamini na lisilo la kuamini, tusifanywe tudhani kwamba hatuwezi lolote. Msomi wa leo angeandika kurasa mia tatu kufika hapo.

Na hakuishia kwenye maneno. Nyumba na shule zilifunguliwa Liège, Cologne, Trier, Roma, Napoli, Perugia, Munich, Vienna, na Pressburg, mji ambao leo unaitwa Bratislava. Wasichana walifundishwa kusoma na kuandika, katekisimu, lugha, muziki, kazi za mikono, na Kilatini. Hiki Kilatini si pambo. Ndicho kilichokuwa lugha ya sheria, ya tiba na ya teolojia, na binti alifungiwa nje ya hayo yote kwa kutokukijua. Mwaka 1627 aliiandikia nyumba ya Munich akiwahimiza wasithamini kipaji kingine chochote kwa wasichana wao kuliko lugha hiyo. Shule za kutwa ziliwapokea mabinti wa mji, maskini wakiwemo.

Kupata kibali, alikwenda Roma kwa miguu. Waliondoka Nchi za Chini (Ubelgiji na Uholanzi za leo) mwezi Oktoba 1621 wakiwa kikundi kidogo kilichovaa kama mahujaji, wakaivuka milima ya Alps baridi ikiwa imeanza, wakapita Loreto, Italia, kusali katika nyumba ya Bikira Maria, wakaingia Roma mkesha wa Noeli. Zaidi ya kilomita 1,500. Papa Gregori XV aliwasikiliza kwa upole, wakaruhusiwa kufungua shule palepale Roma ili kazi yao ionekane. Kazi ilionekana, kibali hakikuja, na mwaka 1625 shule ya Roma ikafungwa. Maadui wao nyumbani, hasa mapadre wa Kiingereza wasiowapenda Wayesuiti, walikuwa wakituma mashtaka tangu mwanzo. Waliwaita “wasichana wa shoti”, kwa kuwa hawatulii mahali pamoja, kama farasi aliyeachiwa hatamu.

Kuna kosa moja ambalo wampendao hupenda kulipita haraka. Amri za kufunga nyumba moja moja zilipoanza kutoka, Mary Ward aliamini zinatoka kwa maadui bila Papa kujua. Aprili 1630 akaziandikia baadhi ya nyumba kwamba zisizitii amri hizo. Alikosea. Papa alijua. Barua hiyo ikafika mikononi mwa wale waliokuwa wanatafuta ushahidi wa uasi, na ukiwa hakimu wa 1630 unaishika barua ya mwanamke anayewaambia watawa wasitii amri ya Roma, hutahitaji ushahidi mwingine. Mwenzake Winefrid Wigmore, aliyeutetea msimamo huo Liège, alifungwa huko. Naamini Mary aliandika kwa nia safi. Naamini pia barua ile ndiyo iliyofanya kufutwa kuwe kukali namna ile.

Gerezani Munich aliwasiliana na wenzake kwa maji ya ndimu. Aliandika kwenye karatasi za kufungia vitu zilizoingia na kutoka na mahitaji yake. Zikikauka hazionyeshi kitu, zikipashwa moto maandishi yanajitokeza. Barua kadhaa kati ya hizo zipo mpaka leo. Ugonjwa ulipozidi akaomba mpako wa wagonjwa, akaambiwa atapewa akitia sahihi karatasi inayokiri kwa namna fulani makosa ya kiimani. Alikataa. Alisema Mungu apishe mbali asije akatenda dhambi ya mauti ili afutiwe dhambi ndogo, na kuwapaka matope watu wengi wasio na hatia. Mpime hapo mama, mwamini wa kweli aliyedhani anakufa, anayeacha sakramenti za mwisho zisimfikie kuliko kusaini uongo. Aliandika tamko lake mwenyewe la imani, na hatimaye akapewa sakramenti. Aprili akaachiwa kwa amri ya Roma.

Na hati ya kufuta shirika alipoipata, aliitii. Papa akamruhusu kuishi Roma pamoja na baadhi ya wenzake, kama wanawake binafsi wasio na nadhiri za hadhara. Mwaka 1637 akaondoka, 1639 akawa London, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza akapanda kaskazini. Alikufa Heworth, nje kidogo ya York, Januari 1645. Wenzake wakatafuta mahali pa kumzika bila kelele, wakapata uwanja wa kanisa la Kianglikana huko Osbaldwick, ambako mchungaji, kwa maneno ya mmoja wao, alikuwa mwaminifu vya kutosha kupokea rushwa. Jiwe lake liko ndani ya kanisa hilo leo. Linasema kwamba kuwapenda maskini, kudumu katika hilo, kuishi, kufa na kufufuka pamoja nao ndilo lililokuwa kusudi lote la Mary Ward. Neno lolote la Kikatoliki halimo, kwa sababu zinazoeleweka.

Wenzake hawakutawanyika. Waliendelea kufundisha Munich, kisha Augsburg, na York wakafungua mwaka 1686 nyumba ya Bar Convent ambayo ipo hadi leo. Mwaka 1703 Papa Klementi XI aliidhinisha kanuni zao. Maneno anayosimuliwa kuyasema wakati huo ni kwamba waacheni wanawake watawaliwe na wanawake, jambo lilelile lililomfungisha Mary. Lakini idhini ilikuja na bei yake. Mwaka 1749 Benedikto XIV alitambua mkuu wao mwanamke, akakataza wasimtambue Mary Ward kuwa mwanzilishi, kwa sababu shirika lililofutwa 1631 haliwezi kuwa mama wa lililoidhinishwa 1703. Kisheria inasimama. Hebu fikiria tu masista wa miaka 160 wanaosali na kufundisha kwa kanuni za mtu ambaye hawaruhusiwi kumwita mama. Pio X ndiye aliyeondoa katazo hilo, mwaka 1909. Mwaka 1951 Pio XII alimtaja hadharani kuwa mwanamke asiye na kifani, na tarehe 19 Desemba 2009 Benedikto XVI alitambua fadhila zake za kishujaa. Kanisa halimtambui mtu kwa fadhila hizo na hapohapo kumhesabu mzushi, kwa hiyo picha ukutani isiwatie shaka.

Sasa Mama Teresa. Wako wawili. Teresa Ball alizaliwa Dublin mwaka 1794, akasomeshwa Bar Convent kule York, akawa mtawa palepale, kisha mwaka 1821 akarudi Ireland kuanzisha tawi. Makao yake yakawa Rathfarnham, akayaita Loreto kwa ajili ya ile nyumba ya Bikira Maria ambayo Mary Ward aliizuru akiwa njiani kwenda Roma. Hivyo jina “Loreto” ni la Teresa Ball, na mizizi ni ya Mary Ward. Yule mwingine, Mtakatifu Teresa wa Kalkuta, aliingia Loreto hapo hapo Rathfarnham mwaka 1928 akiwa msichana kutoka Skopje, akafundisha India miaka mingi kabla ya kuondoka kuanzisha shirika lake. Yeye alikuwa tunda la mti huo, hakuupanda.

Kenya Masista wa Loreto walifika mwaka 1921. Kati ya wasichana waliopita mikononi mwao ni Wangari Maathai, aliyeingia Loreto Limuru mwaka 1956, akaenda kusomea biolojia Marekani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Huyo mwambie binti yako, na umwambie pia kwamba katika mji wa Augsburg kuna picha hamsini za karne ya 17 zinazosimulia maisha ya Mary Ward moja baada ya nyingine, mojawapo ikimwonyesha mbele ya kioo akitengeneza nywele.